Kura 10,000 hazitoshi: leseni inavyokwamisha seti za LEGO zinazobuniwa na mashabiki

KURA 10,000 zinaweza kukusanywa kwa siku mbili tu, kama walivyofanya mashabiki wa mchezo wa kompyuta wa Minecraft mwaka 2011. Ruhusa ya mwenye mali ni jambo jingine, na hapo ndipo mapendekezo mengi ya seti mpya za vitofali vya plastiki vya LEGO hukwama, hata yale yanayopendwa kuliko mengine.

Utaratibu wa kuwaachia mashabiki wapendekeze seti ulianza Japani mwaka 2008 kwa jina la CUUSOO. Mwaka 2011 ulifunguliwa kwa dunia nzima, na tangu mwaka 2014 unaitwa LEGO Ideas. Shabiki hujenga mfano wa kitu anachokitamani, ama kwa vitofali vyake mwenyewe ama kwa programu ya kompyuta, kisha huunadi kwa picha hadi upate waungaji mkono 10,000. Baada ya hapo mfano huo hupelekwa kwenye jopo la kampuni hiyo ya Denmark. Anayepita hulipwa asilimia 1 ya mapato halisi ya mauzo, na jina lake hutajwa pamoja na seti.

Wanaopita ni wachache. Katika awamu moja tu ya mwaka 2021, jopo lilikuwa na mapendekezo 57 yaliyokwisha kuvuka kiwango hicho, na wengi wa wabunifu wake walirudi mikono mitupu. Kampuni haina desturi ya kueleza kwa kina sababu ya kila kukataliwa, jambo linalowaacha wabunifu wakibahatisha.

Kwa pendekezo linalotokana na filamu, tamthilia au mchezo wa video, kikwazo cha kwanza kinaeleweka: ni lazima mwenye hakimiliki akubali na alipwe. Kisichofahamika kwa wengi ni kwamba mwenye mali anaweza kukubali kwa moyo mweupe na bado seti isitoke. Haki za kutengeneza bidhaa huuzwa kwa mafungu. Kampuni moja hununua haki ya fulana, nyingine ya wanasesere, nyingine ya vitu vya kuchezea vya kujengea, kila moja kwa muda uliowekwa na mara nyingi bila kuruhusiwa mshindani. Fungu la vitu vya kujengea likiwa mikononi mwa mwingine, LEGO haina la kufanya ila kungoja.

Umuhimu wa mafungu hayo umeongezeka kwa sababu kitofali chenyewe hakina tena mwenyewe. Hataza ya LEGO ya mwaka 1958 ilikwisha muda wake zamani, na mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa umbo la kitofali haliwezi kusajiliwa kuwa alama ya biashara. Kila mwenye kiwanda sasa anaweza kutengeneza kitofali kinachoshikana na cha LEGO. Ushindani ukahamia kwenye majina na sura ambazo watoto, na wazazi wao, wanazitambua.

Tamthilia ya Uingereza ya Doctor Who ni mfano mzuri. Mashabiki waliipendekeza mapema, lakini wakati huo kampuni nyingine ya Uingereza ilikuwa ikiuza vitu vya kujengea vya tamthilia hiyo, na mapendekezo yakafungiwa mlango. Mlango ulifunguliwa mwaka 2014, na seti ikatoka mwishoni mwa mwaka 2015.

Kwa Transformers hali ilikuwa ngumu zaidi, kwani mwenye mali ndiye aliyekuwa mshindani. Hasbro ya Marekani ilianzisha vitofali vyake, Kre-O, mwaka 2011. Ilichukua miaka 11 hadi kampuni hizo mbili kutoa kwa pamoja seti ya LEGO ya Optimus Prime. Mwaka 2024 ikafuata seti ya Dungeons & Dragons, mchezo ulio chini ya Hasbro, na hiyo ilitokana na mchoro wa shabiki aliyeshinda shindano.

Mashabiki wa The Legend of Zelda, mchezo wa Nintendo, hawakuwa na bahati hiyo. Kwa miaka mingi walipeleka mifano, ikavuka kura 10,000 na ikakataliwa, hata baada ya LEGO na Nintendo kuanza kushirikiana mwaka 2020 kwa seti za Super Mario. Mwaka 2022 walitangaziwa kuwa mapendekezo ya Zelda hayatapokelewa tena kwa sababu ya mgongano wa leseni. Septemba 2024 seti ya Zelda yenye vipande 2,500 iliingia madukani ikiwa bidhaa ya LEGO yenyewe, nje ya LEGO Ideas. Waliopiga kura walipata seti. Wabunifu wa mifano iliyokataliwa hawakupata ile asilimia 1.

Leseni haihusu hadithi za kubuni pekee. Mwaka 2017 ilitoka seti ya wanawake wa shirika la anga la Marekani, NASA, iliyobuniwa na mwandishi wa sayansi Maia Weinstock. Pendekezo lake lilikuwa na wanawake watano, lakini katika boksi walibaki wanne. Katherine Johnson, mtaalamu wa hesabu ambaye wakati huo alikuwa hai, hakuwamo, kwani sura ya mtu haitengenezwi kisanamu bila ridhaa yake.

Kipo pia kikwazo ambacho fedha hazikiondoi. Mwaka 2012 pendekezo la baa ya filamu ya Uingereza ya Shaun of the Dead lilikataliwa kwa kuwa maudhui yake hayakufaa watoto wa miaka 6 hadi 11, ambao kampuni iliwataja kuwa ndio walengwa wake wakuu. Msimamo huo umelegea kiasi tangu LEGO ilipoanza kuandika 18+ kwenye maboksi mwaka 2020. Tamthilia za Seinfeld na The Office, ambazo hazikuandikwa kwa ajili ya watoto, zimekwisha kupata seti.

Mwaka 2021 baadhi ya waliokataliwa walipewa nafasi ya pili kupitia mpango wa BrickLink, soko la vitofali ambalo LEGO ililinunua mwaka 2019. Ngome, nyumba na mitambo iliyotokana na fikra za wabunifu wenyewe iliuzwa humo kwa idadi maalumu. Mapendekezo yaliyohitaji leseni hayakuruhusiwa kuingia.