Mwaka Mmoja Nyumbani kwa Akina Martin



Kila ifikapo tarehe 1 Oktoba tunaadhimisha kumbukumbu ya Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Tunahubiri juu ya njia yake ndogo, tunapamba altare kwa maua ya waridi, na tunastaajabu kwamba mtawa ambaye baada ya kuingia monasterini hakutoka tena ndiye msimamizi wa misioni. Nyumba aliyotoka huwa tunaigusia kwa sentensi moja tu, kisha tunapita. Juma hili tunawaomba turudi nyuma pamoja hadi mwaka mmoja wa nyumba hiyo, tangu Mei 1887 hadi Aprili 1888, katika mji wa Lisieux, kaskazini mwa Ufaransa. Tuone binti mmoja alivyojiandaa kwa utumishi wa Mungu, na tuone pia nyumba nzima ilivyolipa gharama ya maandalizi hayo.

Tuanze na wazazi. Louis Martin alizaliwa mwaka 1823 na kazi yake ilikuwa kutengeneza saa. Alipokuwa kijana alibisha hodi katika monasteri ya Mtakatifu Bernardo, juu katika milima ya Alpi, akakataliwa kwa sababu hakujua Kilatini. Zélie Guérin, aliyezaliwa mwaka 1831, naye alitaka utawa na akaambiwa kwamba huo haukuwa wito wake. Akageukia ufumaji wa lesi, ufundi uliousifisha mji wa Alençon. Watu hao wawili waliokataliwa na nyumba za kitawa walifunga ndoa Julai 1858. Mungu aliwajalia watoto tisa, na wanne wakafa wangali wadogo. Kati ya hao wanne walikuwamo wavulana wawili, wote wakiitwa Joseph, ambao wazazi wao walikuwa wameomba kwa Mungu kwamba mmoja wao awe padre mmisionari. Makaburi mawili madogo yakawa jibu la sala hiyo, au ndivyo ilivyoonekana wakati ule.

Zélie alifariki kwa saratani ya titi tarehe 28 Agosti 1877. Kitinda mimba wake, Thérèse, alikuwa na umri wa miaka minne na miezi saba. Baba akahama Alençon, akawapeleka binti zake watano Lisieux, karibu na mjomba wao Isidore Guérin, mfamasia wa mji huo. Huko dada wakubwa wakawa mama wa wadogo, ndipo wito wa Mungu ukaanza kuwachukua mmoja mmoja. Pauline aliingia kwa Wakarmeli wa Lisieux mwezi Oktoba 1882, na Marie akamfuata Oktoba 1886. Kila mmoja alipoondoka, nyumba ilipoteza mama kwa mara nyingine.

Huo ndio mlango wa mwaka tunaoutafakari. Tarehe 1 Mei 1887 Louis, akiwa na miaka 63, alishikwa na kiharusi. Alipata nafuu, akarudia sala zake na matembezi yake, lakini watu wa nyumbani walijua kwamba mti mkubwa umeanza kutikisika. Wiki nne baadaye, tarehe 29 Mei, ikawa Sikukuu ya Pentekoste. Thérèse alikuwa na miaka 14. Kutwa nzima aliwasihi Mitume watakatifu wamwombee apate maneno, na jioni akamfuata baba yake bustanini, akamwambia kwamba anataka kuingia kwa Wakarmeli kabla ya kufikisha miaka kumi na mitano.

Tusiipite bustani ile haraka. Mzee huyu alikwisha mtoa Pauline, alikwisha mtoa Marie, na mwili wake mwenyewe ulikuwa umemwonya mwezi uleule kwamba siku zake za nguvu zinahesabika. Huyu aliyesimama mbele yake ndiye aliyekuwa akimwita malkia wake mdogo. Kama angesema, "Ngoja kwanza unizike," nani angemlaumu? Alilia. Alisema kwamba binti bado ni mdogo mno. Kisha akamsikiliza, akakubali, na akasema kuwa Mungu anampa heshima kubwa kwa kuwataka watoto wake. Akachuma ua dogo jeupe lililoota kwenye ukuta mfupi wa bustani, akampa binti yake. Nalo likang'oka na mizizi yake yote. Thérèse alilihifadhi ua hilo, akaona kwamba ni yeye mwenyewe anayeng'olewa ili akapandwe penginepo.

Ridhaa ya baba haikutosha. Mjomba Guérin, aliyekuwa mlezi wa mabinti hao pamoja na baba yao, alisema asisikie habari hizo mpaka Thérèse afikishe miaka 17. Akaja kulegea Oktoba 1887. Padre Delatroëtte, mkubwa wa monasteri kwa upande wa kanisa, yeye alisema 21. Tarehe 31 Oktoba baba na binti wakaenda Bayeux kwa Askofu Hugonin. Thérèse alifunga nywele zake juu ya kichwa ili aonekane mtu mzima. Askofu alidhani atamfurahisha baba kwa kumshauri binti abaki nyumbani kumfariji, akashangaa kumwona baba mwenyewe akimtetea binti aende. Hata hivyo askofu hakutoa jibu siku ile.

Siku chache baadaye Louis, Thérèse na Céline waliungana na hija ya kwenda Roma kwa heshima ya Baba Mtakatifu Leo XIII, aliyekuwa akijiandaa kuadhimisha miaka 50 ya upadre wake. Safari hiyo ilidumu karibu mwezi mzima, na ndani yake lilitokea jambo ambalo sisi mapadre tunapaswa kulisoma tukiwa tumepiga magoti. Kundi hilo la mahujaji lilikuwa na mapadre wengi. Kabla ya hapo msichana huyu hakuelewa kwa nini Wakarmeli wanaombea mapadre. Wakosefu ndio waliohitaji sala, kwa mawazo yake. Sasa alikula nao meza moja, alisafiri nao katika treni moja, aliwaona wakichoka, wakinung'unika, wakiwa watu. Hakukwazika wala hakuwadharau. Alitambua kwamba daraja takatifu humpandisha mtu juu sana bila kumwondolea udhaifu wake, na kwamba hata mapadre wema wanahitaji mtu wa kuwaombea. Alipohojiwa mwaka 1890 kabla ya kuweka nadhiri, alitaja wazi kwamba amekuja kuokoa roho za watu, na hasa kuwaombea mapadre.

Tarehe 20 Novemba mahujaji walipita mbele ya Baba Mtakatifu. Walikuwa wamekatazwa kusema neno. Thérèse akasita, Céline, nyuma yake, akamhimiza aseme. Akasema. Papa alimjibu kwa upole kwamba afuate uamuzi wa wakubwa wake, na kwamba ataingia ikiwa ni mapenzi ya Mungu. Walinzi wakamnyanyua akiwa na machozi. Kwa macho ya kibinadamu safari yote ilikuwa imepotea bure. Ila ruhusa ya askofu iliandikwa tarehe 28 Desemba, naye akapashwa habari tarehe 1 Januari 1888, pamoja na sharti kwamba angoje mpaka Kwaresima ipite.

Juma hilohilo la kwanza la Januari mlango mwingine ulifungwa. Léonie, dada wa tatu, alikuwa ameingia kwa Wavizitasio wa Caen Julai 1887. Tarehe 6 Januari 1888 alirudi nyumbani. Ilikuwa mara ya pili, kwani mwaka 1886 alijaribu kwa Waklara wa Alençon, akarudi baada ya miezi miwili. Fikirini meza ya chakula ya nyumba ile: upande mmoja mdogo anayehesabu siku za kuondoka kwa furaha, upande wa pili mkubwa aliyerudishwa na udhaifu wa afya. Tunafahamu ukimya wa namna hiyo. Katika familia zetu kijana akirudi kutoka seminari, majirani huuliza maswali kwa macho, na wakati mwingine hata mzazi hujificha kama mtu aliyefiwa. Kwa akina Martin hatuoni mlango ukifungwa mbele ya Léonie. Alipokewa. Alijaribu tena, akashindwa tena, na mwaka 1899 akaingia Caen kwa mara ya mwisho, akadumu humo hadi kifo chake mwaka 1941. Kanisa limeanzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri.

Tarehe 9 Aprili 1888, siku ambayo mwaka ule ilisherehekewa Kupashwa Habari Bikira Maria, familia ilihudhuria Misa katika kanisa la Wakarmeli. Kisha Thérèse akapiga magoti kuomba baraka ya baba yake. Mzee naye akapiga magoti, akambariki huku akilia. Mlango ukafunguliwa, ukafungwa.

Wapendwa, historia nyingi za watakatifu huishia hapo, kwenye furaha ya mlango. Tuendelee kidogo, kwa maana bei kamili ililipwa baadaye. Juni 1888 Louis alitoweka nyumbani, akapatikana baada ya siku kadhaa katika bandari ya Le Havre. Akili yake ilikuwa inadhoofika. Tarehe 12 Februari 1889 ilibidi alazwe Bon Sauveur, hospitali ya wagonjwa wa akili huko Caen, akakaa humo zaidi ya miaka mitatu. Mjini Lisieux wengine walinong'ona kwamba mabinti zake ndio waliomwua kwa huzuni, na kwamba kuondoka kwa malkia wake mdogo ndiko kulikomvunja. Maneno hayo yalipenya hadi nyuma ya ukuta wa monasteri.

Je, walikosea kumwacha? Swali hili tusilijibu kwa wepesi. Amri ya nne haikufutwa na wito wa yeyote, na Bwana wetu mwenyewe aliwakemea waliotumia sadaka ya hekalu kama kisingizio cha kuwatelekeza wazazi. Tunachokiona kwa akina Martin ni kwamba baba hakutelekezwa. Céline alibaki. Naye pia alitaka Karmeli, na alikuwa na wachumba; aliyaweka yote kando, akamuuguza baba, akamsukuma katika kiti chake cha magurudumu aliporudi nyumbani mwaka 1892, akawa naye hadi alipofariki tarehe 29 Julai 1894. Septemba mwaka huo ndipo naye akaingia monasterini. Wito wa Thérèse ulisimama juu ya mabega ya Céline. Aliyeitwa kwanza aliweza kwenda kwa sababu aliyeitwa baadaye alikubali kungoja.

Sasa turudi kwenye ile sala ya Louis na Zélie ya kumpata padre mmisionari. Oktoba 1895 mseminari mmoja, Maurice Bellière, aliandika barua kwa Wakarmeli wa Lisieux akiomba dada wa kumwombea. Alipewa Thérèse. Kijana huyo alijiunga na Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, shirika lilelile lililopeleka Injili Buganda, Tabora, Karema na Bukoba. Tarehe 29 Septemba 1897 alipanda meli kuelekea Algiers. Kesho yake Thérèse akafariki akiwa na miaka 24. Bellière alipewa upadre mwaka 1901, akatumwa Nyasa, ambayo leo ni Malawi. Alirudi Ufaransa akiwa mgonjwa, akafariki mwaka 1907 akiwa na miaka 33 tu. Alifia Caen, katika Bon Sauveur, hospitali ileile iliyomlaza mzee Martin. Wavulana wawili walikuwa makaburini, lakini nyumba ile ilimpata mmisionari wake, na njia yake ilifika kwenye ziwa letu.

Mwaka 1927 Papa Pius XI alimtangaza Teresa kuwa msimamizi wa misioni. Tarehe 18 Oktoba 2015 Papa Fransisko aliwatangaza Louis na Zélie kuwa watakatifu pamoja, mume na mke. Kanisa lilitambua utakatifu wao kama watu wa ndoa, wa duka la saa na wa nyuzi za lesi.

Katika parokia zetu tunapenda kushangilia siku ya upadrisho: vigelegele, vitenge, ng'ombe na zawadi. Ni vema. Lakini siku hiyo tumtafute pia dada aliyeacha shule ili karo itoshe, kaka aliyebaki kulima shamba na kumuuguza mama, na yule aliyerudi kutoka seminari na leo anaimba kwaya bila mtu kumtazama. Nao waliandaa altare ile. Padre anayewasahau amesahau nusu ya wito wake.

Tuwaombee wazazi wanaombiwa ruhusa mwaka huu na watoto wao. Wasiwazuie kwa hofu, wala wasiwasukume kwa fahari. Tuwaombee wanaobaki nyumbani. Nanyi mtuombee sisi mapadre wenu, maana mnakula nasi meza moja na mnajua tulivyo.

Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, Watakatifu Louis na Zélie, mtuombee. Tunawatakieni Dominika njema.