Hofu ya Askari katika Ushairi wa Vita



Tarehe 22 Agosti 1914 meli ya Kijerumani iitwayo Hedwig von Wissmann ilishambulia bandari ya Lukuga, mahali ilipo Kalemie ya leo. Ndivyo Vita Kuu ya Kwanza ilivyolifikia ziwa letu. Meli hiyo ilizamishwa tarehe 9 Februari 1916, na tarehe 19 Septemba mwaka huohuo askari wa Force Publique wakaingia Tabora. Wapagazi zaidi ya laki mbili walibeba risasi na vyakula vya jeshi hilo. Maradhi, njaa na uchovu viliwaua wengi kuliko silaha.

Historia hutaja tarehe, meli na majenerali. Ushairi huuliza jambo jingine: yule aliyeshika bunduki alikuwa na nini moyoni?

Katika vita hivyohivyo, maofisa wawili Waingereza walithubutu kujibu. Siegfried Sassoon alikuwa na nishani ya ushujaa. Mwezi Julai 1917 alitangaza kwa maandishi kwamba hataendelea kupigana, kwa kuwa vita vya kujihami vilikuwa vimegeuka kuwa vya kuteka. Alipelekwa hospitali ya Craiglockhart, Edinburgh, akakutana na Wilfred Owen, aliyekuwa akitibiwa mshtuko wa vita. Owen alichukua usemi wa kale wa Horatius, mshairi wa Roma, kwamba kuifia nchi ni jambo tamu na la heshima. Akauweka kando ya askari anayekufa kwa gesi ya sumu, kisha akauita uongo.

Je, hao walikuwa waoga? Wote wawili walirudi vitani mwaka 1918, na Owen aliuawa tarehe 4 Novemba, wiki moja kabla ya silaha kunyamaza. Kilichokufa ndani yao ni imani katika maneno matamu ya watu walioketi mbali na mahandaki. Upendo kwa wenzao ulibaki.

Sasa tuwatazame askari wa ziwa letu. Mwingereza alikuwa na nchi yake ya kuipenda au kuikatia tamaa. Mkongomani alipigana chini ya bendera ya Ubelgiji, akimlenga Mwafrika mwenziwe aliyesimama chini ya bendera ya Ujerumani. Angepoteza uzalendo gani, naye nchi yake ilikuwa mikononi mwa wageni? Hata hivyo, hofu ya kufa haiulizi bendera.

Kiswahili hakikukosa ushairi wa vita: Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Lakini ni nani aliyempa mpagazi wa Tanganyika kalamu? Mengi aliyoyaona alikwenda nayo kaburini.

Hata leo, katika mkoa wetu, vijana huitwa kushika silaha kwa maneno matamu. Ushairi wa kweli wa vita hutufundisha kuyapima maneno hayo kabla ya kuyafuata, na kutomcheka anayekiri kwamba anaogopa.

Maswali ya kutafakari:

1. Katika familia yako, ni nani anayekumbuka masimulizi ya vita? Umewahi kumwuliza aliogopa nini?

2. Anayekuita upigane, yeye mwenyewe atasimama wapi?