Je, apdeti huua kompyuta? Kisa cha Februari 2010

Leo tuache kuandika programu kidogo, tuzungumze historia. Hapa Eldoret ukimpelekea fundi mashine iliyogoma baada ya apdeti, mara nyingi utaambiwa: "Hizi apdeti ndizo huua kompyuta. Zima kabisa." Je, ni kweli? Hebu turudi nyuma.

Mwaka 2004 Microsoft ilitoa Service Pack 2 ya Windows XP. Faili lake kamili lilikuwa na takriban MB 270. Wakati huo Kenya ilitegemea setilaiti kuunganishwa na dunia, na wengi walitumia modemu ya simu. Piga hesabu: modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, hata isipokatika, ingechukua zaidi ya saa 10 kushusha faili hilo moja. Haikuwa rahisi kwa mashine kupata viraka, na huku flashi zilikuwa zikihamisha virusi kutoka kompyuta moja hadi nyingine.

Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa. Intaneti ikaongezeka kasi, na kushusha viraka kukawa jambo la kawaida.

Ndipo ikaja tarehe 9 Februari 2010. Microsoft ilitoa kiraka KB977165, cha kuziba tundu lililokuwa ndani ya Windows kwa miaka 17. Sehemu mbalimbali za dunia watu walizima mashine, wakawasha, wakakuta skrini ya bluu. Ukijaribu hali salama, bluu vilevile! Lawama zote zikaenda kwa kiraka, na siku chache baadaye Microsoft ikaacha kukisambaza kwa apdeti za kujiendesha.

Lakini uchunguzi ulionyesha jambo jingine. Mashine zilizoanguka zilikuwa tayari na kirusi kiitwacho Alureon. Kirusi hiki kilijificha ndani ya draiva ya diski na kuita kazi za kiini cha Windows kwa anwani kilizokuwa kimezikariri. Ni kama mwizi anayeingia gizani kila usiku kwa kuhesabu hatua: kumi mbele, tatu kushoto. Kiraka kilibadilisha kiini, anwani zikahama, na mwizi akagonga ukuta. Kwa kuwa draiva hiyo huhitajika tangu mashine inapoanza kuwaka, Windows haikuweza hata kufunguka.

Kichekesho ni kwamba waandishi wa kirusi nao walitoa apdeti yao haraka, ili mashine walizoziteka zisiendelee kuanguka! Mwezi Machi Microsoft ilikirudisha kiraka, safari hii kikikagua kwanza kama mashine ina dalili hizo.

Kwa hiyo aliyeondoa kiraka akashangilia kwamba mashine imepona, alikuwa amemrudishia mwizi ramani yake.

Je, apdeti haina makosa kamwe? La. Tarehe 19 Julai 2024, apdeti ya programu ya ulinzi ya CrowdStrike iliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows. Hapo kosa lilikuwa la apdeti yenyewe. Nyingi zilibidi kuinuliwa kwa mkono, moja moja: ingia hali salama, futa faili moja, washa tena.

Visa viwili, skrini ileile ya bluu, sababu tofauti kabisa. Kitu cha mwisho kubadilika ni mshukiwa wa kwanza, ila si lazima kiwe mkosaji. Basi mashine ikigoma baada ya apdeti, fanya hivi:

1. Andika namba ya kosa kabla ya kugusa chochote.
2. Okoa mafaili yako kwanza.
3. Ondoa apdeti ikibidi, kisha ipime mashine kwa diski safi ya kutafutia virusi.
4. Ukishajua chanzo, rudisha apdeti.

Hatua ya nne ndiyo husahaulika. Mwaka 2017 kiraka cha tundu lililotumiwa na WannaCry kilitoka Machi 14. Kirusi kilivuma Mei 12. Aliyekuwa amezima apdeti alikosa ulinzi uliokuwapo kwa karibu miezi miwili, bila malipo.

Fundi akikuambia uzime kabisa, muulize kwanza: amejuaje kwamba ni apdeti? Tuonane makala ijayo.