Upekuzi Uliokabidhiwa Mkandarasi

Mwaka 1996 serikali ya Marekani iliibinafsisha idara iliyokuwa ikiwafanyia upekuzi watumishi wake. Wachunguzi wa umma wakawa waajiriwa wa kampuni mpya, USIS, na swali la nani anastahili kuaminiwa siri za dola likawa biashara inayolipwa kwa kila jalada lililofungwa.

Tusidhani kwamba makandarasi ndio waliozaa usaliti. Aldrich Ames, aliyekamatwa mwaka 1994, alikuwa mtumishi wa CIA; Robert Hanssen, aliyekamatwa mwaka 2001, alikuwa wa FBI. Wote wawili waliiuzia Moscow siri huku wakila mshahara wa serikali. Kwa upande mwingine, Christopher Boyce, aliyekamatwa mwaka 1977 kwa siri zilizoishia ubalozi wa Wasovieti nchini Meksiko, alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya TRW. Kikulacho ki nguoni mwako, iwe nguo hiyo ni yako au ya kuazima.

Kilichobadilika ni uwajibikaji. Edward Snowden alipofichua nyaraka za NSA mwaka 2013, alikuwa ameajiriwa na Booz Allen Hamilton kwa muda usiotimia miezi 3. Upekuzi wake wa mwaka 2011 ulifanywa na USIS. Kampuni moja ilimkagua, nyingine ikamwajiri, na siri zilizotoka zilikuwa za serikali. Wako wanaomwita msaliti, na wako wanaomshukuru kwa kuwaonyesha wananchi jinsi rekodi za simu zao zilivyokusanywa. Pande zote mbili zina haki ya kuuliza: nani alikuwa akilinda mlango?

Mwaka 2014 Wizara ya Sheria ilidai mahakamani kwamba, kati ya mwaka 2008 na 2012, USIS iliwasilisha majalada yasiyopungua 665,000 bila kuyahakiki kama mkataba ulivyotaka. Mwaka uliofuata kampuni ilikubali kuachia malipo ya dola zisizopungua milioni 30 ili shauri limalizwe. Mwaka 2016 akakamatwa Harold Martin, naye wa Booz Allen, aliyekuwa amelimbikiza nyaraka za siri nyumbani kwa takriban miaka 20, akihama kutoka kampuni hadi kampuni.

Anayelipwa kwa idadi ya majalada hana faida ya kusita, ilhali upekuzi ni kazi ya kusita. Serikali inaweza kukodi fundi na mitambo. Ikikabidhi pia uamuzi wa nani aaminiwe, hasara itakapotokea mkandarasi atapoteza mkataba, na wananchi watapoteza kisichorudishwa na mahakama yoyote.