Mali Bila Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ni methali niliyoisikia mara nyingi nyumbani kwetu, maana babu yangu alikuwa na shamba la minazi karibu na Pangani, na msimamizi wake alimwandikia hesabu zote katika daftari moja kubwa. Aliziandika kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofanya watu wengi wa pwani wa rika lake. Babu alipofariki, baba yangu aliketi usiku kucha akiinakili daftari ile kwa herufi za Kirumi, ili sisi wadogo tuliosomea skuli tuweze kuisoma.

Ajuaye maandiko yale ya kale atakumbuka kwamba irabu u na o ziliandikwa kwa alama moja, na i na e vivyo hivyo. Msomaji mwenyewe ndiye aliyejua lipi limekusudiwa. Basi pahala pamoja baba alinakili kwamba jirani yetu "amekopa" magunia matatu ya mbata. Jirani akaja juu, akasema hakukopa kitu, bali msimamizi aliandika "amekupa", yaani yeye ndiye aliyempa babu. Maneno yale mawili kwa hati ya zamani ni kitu kimoja. Kwa hati mpya, la kwanza linamfanya mtu mdeni na la pili linamfanya mdai. Ugomvi ule uliisha pale bibi alipokumbuka mbata zenyewe zilikuja kwa ajili ya harusi ya nani. Jirani alikuwa na haki yake, na baba akamlipa.

Nalieleza hili kwa sababu miaka mingi baadaye mimi nami nilinakili daftari, ingawa yangu ilikuwa ndani ya kompyuta, na nikaanguka katika shimo lile lile.

Hapana budi kwanza nieleze asili ya kazi yenyewe. Mwaka 1970 Edgar Codd, mtaalamu wa kampuni ya IBM, aliandika makala akipendekeza kwamba kumbukumbu zote ziwekwe katika majedwali ya mistari na safu, mfano wa daftari la duka. Wazo lile lilishinda, na hadi leo mabenki na maofisi mengi duniani yanatunza mambo yao hivyo. Lakini katika miaka hiyo hiyo ya 1970, katika maabara ya Xerox huko California, kulikuwa kukizaliwa lugha ya Smalltalk, ambayo ndani yake mwandishi wa programu hafikirii majedwali. Anafikiria vitu: mtu, nyumba, mkataba, kila kimoja na sifa zake na kazi zake. Kwa hiyo wakawapo wenyeji wa nchi mbili wasioelewana, na ikabidi apatikane mkalimani.

Mmoja wa wakalimani hao ni TopLink, iliyotengenezwa mjini Ottawa, Kanada, na kampuni iliyoitwa The Object People. Ilianza kwa ajili ya Smalltalk, kisha katika miaka ya 1990 ikaingia katika lugha ya Java. Kampuni ya WebGain iliinunua, na mwaka 2002 ikafika mikononi mwa Oracle. Mwaka 2007 Oracle iliitoa kwa taasisi ya Eclipse ili itumiwe na yeyote bila malipo, ikapewa jina la EclipseLink.

Mkalimani huyu hafanyi kazi kwa kubahatisha. Hupewa faili ya maelezo isemayo kwamba safu hii ya jedwali ndiyo sifa ile ya kitu, na kwamba alama hii ndani ya safu maana yake ni hii. Faili hiyo haina data yenyewe hata chembe. Ni maelezo juu ya data, na ndiyo maana huitwa metadata. Hapo zamani TopLink ilikuwa na muundo wake peke yake wa faili hiyo. Mwaka 2006 ulipopatikana utaratibu wa pamoja wa Java, uitwao JPA, muundo mpya uliandikwa, wenye kueleweka na wakalimani wote na si mmoja tu.

Ndani ya EclipseLink mna chombo kiitwacho DBWS. Ukikionyesha majedwali yako, chenyewe huyasoma na kukutengenezea huduma ya mtandaoni, hata programu ya mji mwingine iweze kuuliza swali kwa XML na kujibiwa kwa XML. Hutumia faili mbili za ulinganisho, moja ya kutoka jedwalini kwenda kwenye vitu, na ya pili ya kutoka kwenye vitu kwenda kwenye XML. Kwa muda mrefu faili hizo zilikuwa za muundo wa kale wa TopLink. Baadaye, chombo kikahamishiwa kwenye miundo mipya.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nilikuwa nikitunza huduma kama hiyo kwa ofisi moja iliyolipa wastaafu. Nilipoleta toleo jipya, nilikiacha chombo kisome majedwali na kujitengenezea faili mpya, nami nikanakili kwa mkono yale tuliyokuwa tumeyaongeza wenyewe. Mojawapo lilihusu safu iliyosema kama mstaafu yu hai: N ni ndiyo, H ni hapana. Nikayanakili yote mawili. Nikajaribu, ikajibu vizuri, nikaenda nyumbani nimeridhika.

Katika faili ya zamani mlikuwa na mstari wa tatu. Ulisema kwamba safu ikiwa tupu, isomwe ndiyo. Wazee waliostaafu kabla ya safu ile kuongezwa hawakuandikiwa chochote, na mtu fulani aliyenitangulia, ambaye sikuwahi kuonana naye, alijua hivyo akaweka mstari huo. Mimi niliudhani ni masalio tu ya muundo wa kale. Hakuna kengele iliyolia. Huduma ilikaa kimya mbele ya safu tupu, na programu ya malipo ikauchukua ukimya ule kuwa ni kifo.

Mwisho wa mwezi alikuja mzee mmoja, mkongojo mkononi, akaelekezwa kwangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa dirishani kwamba nimekufa. Nimekuja uniangalie vizuri."

Watu walicheka, naye alicheka. Mimi sikuweza. Alikuwa amepanda mabasi mawili, na kodi ya chumba chake ilikuwa imepita siku tisa. Wenzake wa rika lake walikuwa katika hali hiyo hiyo. Niliurudisha mstari ule jioni hiyo, lakini malipo yalikwisha kupita, wakangoja siku kadhaa. Nilimwambia mzee kwamba kosa ni langu. Akanijibu kwamba afadhali limekuwa la mtu, maana la mashine angemwendea nani.

Tangu siku ile nimeona mihamo mingine. Mwaka 2020 maktaba za Java zilizoanza na jina javax zilianza kubadilishwa kuwa jakarta, na faili nyingi zikaguswa tena. Sikatai mihamo. Hati mpya ya baba ndiyo iliyoniwezesha mimi kuisoma daftari ya babu. Ila sasa, kabla sijafuta mstari nisioufahamu, humtafuta kwanza aliyeuandika, na nikimkosa, huketi na wale wanaolipwa kwa daftari hiyo nikawauliza palipo patupu pana maana gani. Baba naye angemuuliza bibi kabla ya kuandika, angepata jibu kwa kikombe kimoja cha kahawa.