Tangawizi za mapambo: Zitambue kabla ya kuzipanda

Si kila tangawizi hupandwa kwa ajili ya chai. Katika ukoo huo huo wa iliki na manjano mna mimea ipandwayo kwa uzuri wake tu, ingawa wengi huidhania kuwa maua ya kanna. Fikicha jani: la tangawizi hutoa harufu ya viungo, la kanna halinukii hivyo.

Tangawizi nyekundu (Alpinia purpurata), yenye asili ya visiwa vya Pasifiki, hupenda joto na unyevu kama wa Pwani. Kinachodhaniwa kuwa ua ni majani madogo mekundu yaliyopangana. Maua yenyewe ni meupe na huchungulia katikati yake. Baadaye miche huota humo humo, nawe waweza kuibandua na kuipanda penye kivuli chepesi, samadi iliyooza na maji yasiyotuama.

Hedychium coronarium, ua la taifa la Cuba, huchanua meupe na kunukia sana.

Wa kuogopwa ni nduguye, Hedychium gardnerianum, kutoka Himalaya. Suke lake refu lina maua ya manjano yenye nyuzi nyekundu zilizochomoza. Ndege husambaza mbegu zake, na hata kipande cha shina lake la chini ya ardhi huchipua. New Zealand, ulikopelekwa kupamba bustani, umevamia misitu na sasa ni marufuku kuuuza. Aliye nao akate masuke kabla ya mbegu kukomaa, wala asitupe mabaki kichakani au mtoni.