Saisi wa Bosongo (Sehemu ya Tatu): Baghala wa Serikali

ILIPOISHIA
Agosti 1914. Masetla wanamiminika Nairobi, kila mmoja na farasi au baghala wake na bunduki yake ya kuwindia, kuunda kikosi cha wapanda farasi kiitwacho East African Mounted Rifles. Kijana wa Kigusii, saisi wa setla mmoja, anaamriwa kumpaka farasi mweupe wa bwana wake milia kama ya punda milia ili Mjerumani asimwone. Kazi inapokwisha, anatoroka usiku. Treni hadi Kisumu, meli hadi Kendu, kisha kwa miguu hadi Kisii. Anaukuta mji hauna mwenyewe.

ENDELEA

Nilitarajia kusikia bunduki. Nilichosikia ni baghala akilia kiu.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 11 Septemba. Bosongo ndivyo tulivyouita mji wa Kisii, yaani mahali pa Wazungu, na siku ile hapakuwa na Mzungu hata mmoja. Mjerumani alikuwa amevuka mpaka akiwa na askari, wapiganaji wa ruga-ruga, bunduki za bombom na mzinga mdogo. Wakubwa wa serikali walikuwa wamefunga virago na kuondoka. Walipotoka wao, waliingia watu wetu.

Nilimwona mzee mmoja, mwamuzi wa kesi za mipaka ya mashamba, akipita na kiti cha ofisini kichwani, miguu ya kiti ikitazama juu kama pembe. Wanawake wawili walikuwa wakivutana jora la merikani lililotoka dukani kwa Mhindi, kila mmoja akiapa kwamba ndiye aliyeliona kwanza. Karatasi za kodi zilitapakaa barabarani, watoto wakizikimbiza.

"Wamekwenda!" kijana mmoja alinipigia kelele usoni. "Mumbo alisema!"

Habari hizo nilizijua. Mwaka uliotangulia zilikuwa zimetoka Alego, kwa Wajaluo, kwamba nyoka mkubwa wa ziwani aitwaye Mumbo amemtokea Onyango Dunde na kumwambia kwamba Wazungu watatoweka. Sasa walikuwa wametoweka. Nani angebisha?

Mimi niliifuata ile sauti ya kiu. Nyuma ya ofisi, chini ya banda, baghala alikuwa amefungwa kamba fupi, ndoo yake imepinduka. Nikamtekea maji. Akanywa ndoo mbili, kisha akaniegemeza kichwa kifuani. Hapo ndipo nilipoiona chapa pajani mwake: mshale uliochomwa kwa chuma cha moto. Mali ya serikali.

Wote waliochukua kitu siku ile walichukua kwa tamaa au kwa hasira. Mimi nilichukua kwa mazoea. Mkono wa saisi ukishika kamba, miguu inaanza kutembea yenyewe. Tarumbeta ya Mjerumani ilipolia upande wa kusini, tulikuwa tumeshashika njia ya Manga, mimi mbele, mali ya serikali nyuma.

*

Nyumba ya nyanya yangu ilikuwa juu kabisa, pale mwamba wa Manga unapokatika ghafla na nchi yote kulala chini ya macho yako hadi ziwani. Alimtazama baghala, akanitazama mimi.

"Mume wangu," akasema, maana hivyo ndivyo nyanya wa Kigusii anavyomtania mjukuu wake wa kiume, "nilikutuma Nairobi uniletee blanketi. Huyu ni mnyama gani?"

"Magokoro, huyu ni baghala. Baba yake punda, mama yake farasi."

"Na mwenyewe ni nani?"

Sikujibu. Akapapasa paja la mnyama, kidole chake kikaufuata ule mshale taratibu.

"Ulikuwa bado mtoto," akasema, "Otenyo alipomchoma mkuki Northcote, yule mkubwa wa serikali. Mwaka ule wa 1908. Moraa, yule mtabiri, alikuwa ameimba mpaka vijana damu ikawachemka. Mzungu hata hakufa! Alipona, akarudi kazini. Lakini nyumba zilizochomwa sikuweza kuzihesabu, na ng'ombe walioswagwa hawakurudi. Otenyo mwenyewe wakamuua. Hayo ni malipo ya mkuki mmoja. Mnyama mzima utamlipia nini?"

Tukamficha ndani ya nyumba, upande wa mbuzi.

Jumamosi asubuhi milima ilianza kukohoa. Risasi zilitufikia kama mahindi yakikaangwa nyumba ya jirani, halafu, mara mojamoja, mzinga. Askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, walikuwa wamefika kutoka upande wa ziwa, wakamkuta Mjerumani mjini. Nyanya aliketi mlangoni akichambua chinsaga, mikono haisimami.

"Nani anampiga nani?"

"Mwingereza na Mjerumani, Magokoro."

"Hao wanaokufa huko ni Waingereza na Wajerumani?"

"Wengi ni watu weusi. Huku weusi, na kule weusi. Wazungu ni wachache, wanaamrisha."

"Na wafalme wao wamegombania nini?"

Nikamweleza nililolisikia mezani kwa bwana wangu nikingoja hatamu: kwamba Mfalme George na Kaiser ni watoto wa mtu na nduguye, bibi yao mmoja, Malkia Victoria.

Mikono yake ikasimama.

"Basi ni vita vya nyumba moja," akasema. "Ndugu wamekosana kwao, wakaja kupigania shambani kwangu."

Giza lilipoingia, milio ikakatika. Binamu yangu alifika usiku akihema. Kapteni Thorneycroft, mkubwa wa Keya, alikuwa ameuawa. Risasi zilipowapungukia, Waingereza walirudi nyuma. Mjerumani naye, akiwa na majeruhi wengi, alikuwa ameshika njia ya kwao.

"Kwa hiyo nani ameshinda?" nikauliza.

"Wamekimbiana," akasema. "Ushindi wameuacha palepale."

*

Lakini mji hawakuuacha. Waingereza walirudi, na safari hii hawakuwa wakimtafuta Mjerumani. Walitafuta kiti. Walitafuta merikani. Boma moja baada ya jingine, bondeni, nikaona moshi usio wa jikoni, na ng'ombe wakipelekwa Bosongo kwa safu ndefu. Kosa la kuamini kwamba wamekwenda lilikuwa limepata bei yake.

"Leo usiku," nyanya akasema, akinikabidhi kisu. "Nyama tuwape fisi. Ngozi uizike."

Nilingoja mwezi uzame. Nikaingia upande wa mbuzi, nikamshika baghala taya. Hakushtuka. Akaniegemeza kichwa begani kama alivyofanya siku ile ya maji, akashusha pumzi ndefu ya moto shingoni mwangu. Nilisimama hivyo, kisu mkononi, mpaka jogoo wa kwanza akawika.

Kulipopambazuka, nilitoka kuchungulia ukingoni mwa mwamba. Ukungu ulikuwa ukipasuka. Askari wa Keya kumi na wawili walikuwa wakipanda njia yetu kwa mstari mmoja, na mbele yao Mzungu juu ya farasi.

Farasi alikuwa na milia.

Mvua ilikuwa imeichuruza rangi, lakini mstari mmoja wa bega la kushoto ulikuwa bado umepinda, kama ulivyopinda siku ile mkono wangu ulipotetemeka. Nani asiyeijua kazi ya mkono wake mwenyewe?

Nikalala kifudifudi kwenye nyasi. Nikaziba pumzi. Wakati huohuo upepo ukageuka, ukatoka mgongoni kwangu kuelekea bondeni. Farasi akasimama. Akainua kichwa, masikio yakasimama wima, akanusa mara moja, mara mbili. Akalia.

Na nyuma yangu, ndani ya nyumba ya nyanya, baghala akamwitikia.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO